Mtoto wa Simba Ndani ya Kanga ya Mama

Maziwa ya mbuzi yamechemka yakamwagika motoni, na harufu yake ya kuungua imenirudisha Same, nyumbani kwetu chini ya milima.

Baba alikuwa bwana nyama, mlinzi wa wanyama wa porini. Siku moja alileta mtoto wa simba aliyeokotwa porini, mweupe pee kama sufi. Jua lilimuumiza macho, akawa anajigonga kwenye vigoda. Watu wakitoka shamba la ujamaa walipita kwetu, wakataka atolewe uani wamwone vizuri.

“Mnataka apofuke?” Mama aliwakatalia. Akampakata, akamfunika kwa kanga ileile aliyonibebea mimi, akamlambisha maziwa kwa kidole chake.

Nilinuna. “Na mimi je?”

“Mwanangu, huyu hana mama.”

Basi nikatamani na mimi nisiwe na mama, ili anipakate.

Baadaye lori lilikuja na sanduku la mbao, wenye lori wakamchukua ili wakamwonyeshe kwa watu mjini, juani. Nilikimbilia mapaja ya Mama kabla hayajapoa. Alinipokea, lakini macho yake yalibaki barabarani.

Sufuria imepoa sasa. Nimechovya kidole kwenye maziwa yaliyobaki, nikajilambisha mwenyewe.