Kabla hujanunua lethi ndogo kwa kuangalia urefu, soma kilichonikuta Mwembesongo

Wakuu, heshima kwenu.

Naona humu mmegombana siku tatu kuhusu hizi lethi ndogo za kukereza chuma nyumbani, ipi ndefu ipi fupi. Ngoja niwape yangu. Ni kweli tupu, chumvi nimetia ya kuonja tu.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nilikuwa karani wa karakana ya ushirika pale Mwembesongo, Morogoro. Nimetoka kumaliza masomo ya usiku, najua desimali kuliko mtu yeyote kati ya Mzumbe na Cairo.

Kijiji kimoja juu Uluguru mashine yao ya kusaga ilikufa. Shafti, ule mtaimbo wa chuma unaozunguka ndani, imelika mwisho mmoja, pale bearing inapokaa. Kina mama wakawa wanashuka na mahindi kichwani mpaka mjini. Nusu siku kushuka. Kupanda usiniulize.

Ili tuwatengenezee, karakana tukaruhusiwa kuchagua lethi moja kati ya mbili. Ukikosea, hakuna kurudisha.

Ya kwanza kijani, mpya, kitanda, yaani urefu wa mashine nzima, inchi 36. Ya pili kijivu, used, inchi 30, sura kama imegongwa na treni.

Shafti yao niliambiwa inchi 28. Nikaandika ripoti kurasa kumi na moja: kijani.

Siku ya kusaini akaja Mama Zuhura, mwenyekiti wa kamati ya mashine kule kijijini. Mkononi fimbo.

"Shikamoo mama. Hiyo ya kunichapa?"

"Marahaba. Nimeikata sawa na shafti, urefu na unene. Hebu iweke."

"Mama, nilishapima."

"Umepima mashine, mwanangu. Shafti hujaiona."

Wakuu, ni kweli. Sikuwahi kupanda huko.

Nikaiweka kwenye kijani. Haikai. Kichwa cha kushikia chuma kimekula nafasi huku, cha kuegemezea kimekula kule, katikati zimebaki inchi 20. Nikajaribu kuipitisha kwenye tundu la spindle, lile linalopenya kichwa cha kushikia mpaka nyuma. Tundu lenyewe halipitishi kidole gumba.

Kijivu katikati inchi 16. Nikaona kijiji kimekwisha, na mimi nimekwisha.

Mama Zuhura akachungulia tundu la kijivu, akasukuma fimbo kutokea nyuma. Ikapita yote, ikachomoza mbele ile ncha tu ya kukereza.

"Huyu ana koo," akasema. "Yule wako ana rangi."

Tukachukua kijivu. Mafundi wakaijaza shafti kwa welding, wakaikereza, ikatoka safi.

Kuipeleka kijijini, Mama Zuhura akaagiza niibebe mimi, mabegani, mlima mzima. Ili safari hii niione vizuri.

Niliiona, wakuu. Bega la kulia bado linaikumbuka. Ila jioni ile mashine ilisaga, na ugali wa kwanza nililetewa mimi.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha mashine, beba kazi yako uende nayo dukani.

Wenye lethi leteni vipimo, mkianza na tundu la spindle. Wa rangi nzuri nitawasoma mwisho.