Samaki Aliyengoja Miguu

Juzi, mikokoni Mkwiro, nilimwona samaki mdogo akitambaa matopeni kwa mapezi, nikacheka peke yangu.

Nilikumbuka utoto wangu. Tangu Idi nilikuwa nikiungoja mchezo wa kompyuta alioniahidi binamu yangu Mwanasha. Alipokuja kutoka Ukunda na kompyuta yake, tulitazama kidudu cha majini kikila, kikinenepa, kikiota miguu na kupanda nchi kavu. Wenzangu walishangaa. Mimi nilisema, "Huyo tunaye hapa kwetu."

Alasiri ile ile nilikuwa mikokoni, harufu ya matope puani, nikimrushia samaki matonge ya sima.

"Wamlisha nani?" mama aliuliza.

"Huyu, mama. Akishiba ataota miguu."

Mama aliyatazama maji yakijaa. "Basi twende. Miguu ikiota atatufuata."

Jioni nilikaa kizingitini ili mlango usifungwe.