Kanga za Uwanja wa Shule

Siku nilipoitwa chuo cha maafisa wa jeshi, mjomba wangu wa Kigombe alicheka mpaka akashika mbavu. "Weye uogopaye mende, wataka kubeba bunduki? Watakurudisha Muheza ukauze machungwa!" Watu wa barazani nao wakacheka. Hasira ya siku ile ndiyo iliyonivusha chuoni. Nilipotambaa kwenye matope, sikumfikiria adui yeyote. Nilimfikiria mjomba.

Nikavishwa nyota, kisha nikachaguliwa kusomea urubani wa helikopta. Hapo mzee akageuka: ati kipaji changu alikiona yeye, tangu nikiwa mtoto. Msikitini, sokoni, hata msibani, ni "rubani wangu, rubani wangu." Nilimdharau kwa raha zote. Mtu mwenye sifa za kijinga huwa hakawii kuziona kwa mwenzake.

Masika iliyofuata maji yalikata barabara, tukatumwa Kigombe kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu tangu jana yake, zahanati imeshindwa. Angesubiri kando ya uwanja wa shule; zahanati tu ndiyo iliyoarifiwa, watu wasije kujazana. Kapteni ndiye angerusha, mimi msaidizi wake. Kabla ya kuondoka nikajifungia chooni na simu.

"Shikamoo mjomba. Leo natua kwenu, uwanja wa shule."

Tunamfuata nani, sikumwambia. Nilichotaka ni anione nikishuka na ovaroli yangu na miwani myeusi, basi.

Tulipofika juu ya uwanja nikaona alichofanya. Kwao mgeni mkubwa hakanyagi mchanga mtupu. Alikuwa amekusanya kanga za mtaa mzima na kuzitandika goli hadi goli. Tao la makuti mabichi limesimamishwa, turubai limefungwa, na yeye yuko mbele, kanzu na koti, karatasi ya risala mkononi. Yule mama alilazwa pembeni, kwenye kitanda cha kamba.

"Kanga moja ikinasa kwenye mapanga, tumekwisha," kapteni alisema. "Nani kawaambia wajinga hawa kwamba tunakuja?"

"Sijui, afande."

"Si ndiko kwenu huku? Yule mzee humjui?"

Mjomba alikuwa akitupungia risala kwa mikono miwili.

"Simjui, afande."

Tukageuza, tukatua ufukweni, ng'ambo ya mikoko. Wanaume wakakinyanyua kitanda na kupita nacho kwenye tope la magotini, wakiteleza, wakisimama, wakianza tena. Mimi nilisimama kando ya helikopta na miwani yangu, afisa mzima, nikiwatazama. Muuguzi aliyekuja nao alipanda bila kunisalimia. Alisema tu kwamba tumechelewa.

Mama alipona. Mtoto alizaliwa hospitali, Tanga mjini, na hakulia.

Kwetu husema mdomo huponza kichwa. Wangu ulikiponza kichwa ambacho hata jina kilikuwa bado hakijapewa, na kwenye ripoti kapteni akaandika kwamba wanakijiji walipata habari kwa njia isiyojulikana. Nikatia sahihi.

Jioni mjomba akanipigia. Nilijiandaa kutukanwa, na nilitamani anitukane.

"Mwanangu, watu hapa wanasema ulituona ukatupita," alisema. "Nimegombana nao. Nimewaambia ni yule rubani mwingine, weye usingetupita sisi. Si kweli?"

"Kweli, mjomba," nikamjibu. "Hakuwa mimi."