Siku ya Lobi

Chama cha wafanyabiashara wa jimbo zima kilinipigia simu saluni kwangu, Columbus: nijiandae, kuna siku ya lobi, ya kwenda kuwashawishi wabunge wasitulazimishe sisi wasusi kusomea dawa za nywele. Bon, mimi Mkongo. Kwa Kilingala, lobi ni kesho. Asubuhi yake nikatinga bungeni peke yangu, nikamwinamishia mbunge wetu kichwa changu kilichosukwa: "Dawa iko wapi hapa? Ni vidole tu!" Akacheka, akaahidi kutupigia kura.

Siku iliyofuata viongozi wa chama wakanipitia, wamevaa suti. Tulipoingia tu, mbunge akawaambia, "Huyu mama alishanimaliza jana."

Wakanigeukia, midomo wazi.

"Si mlisema lobi?" nikawauliza. "Na jana, kwetu, ni lobi vilevile."