Dua ya Mzee Faki na Waya Wangu

Chekeni tu, jamani, maana mie nikiikumbuka harusi ya Time natamani ardhi inimeze, na mpaka leo nikipita pale Konde mbele ya nyumba yao huinamisha kichwa kama mwizi wa kuku.

Mzee Faki, babake Time na jirani yangu, alikuwa na uvimbe kooni, anakwenda Unguja kupasuliwa, na daktari kishamwambia sauti huenda isirudi. Akaja kwenye kile chumba nilichokibandika magodoro ukutani nikakiita studio (mke wangu akikiita ghala la waya), akanambia, "Mwanangu, nirikodie dua ya Time. Siku ya ndoa yake nisipoweza kusema, aisikie."

Nikamwambia hilo jambo dogo. Waya wangu wa kutoka kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, kwenda kwenye kompyuta ulikuwa umekufa, na rafiki yangu fundi wa Wete alishaahidi kuniletea mwengine baada ya adhuhuri, lakini nikaona uvivu kusubiri, nikachukua waya wa kuunganisha mikisa na mikisa, jeki yake, ile ncha ya kuchomeka, ina miduara miwili myeusi kama ya hedifoni, tundu la kompyuta likaukubali, basi tena! Nikavaa hedifoni, sauti ya Mzee imetanda masikio yote mawili, pana, tamu, nikajisifu.

Mzee akarudi kutoka Unguja hana sauti, pumzi tu.

Siku ya ndoa kadhi akamaliza kuozesha, akatangaza dua ya baba. Wanaume jamvini wakainua mikono, wanawake ndani wakanyamaza. Nikachomeka flashi kwenye ampa ya kukuzia sauti tuliyoazima msikitini, ile yenye spika moja, nikabonyeza. Mmmmmm. Mngurumo mtupu. Nikaongeza sauti, ukaongezeka mngurumo. Na watu wetu mikono ikishainuliwa haishushwi hivi hivi, basi mmoja akaitikia "Amin," wakafuata wote, amin juu ya amin, wanauitikia umeme, nami nachomoa, nachomeka, jasho linanitoka. Mzee Faki akafungua mdomo asome mwenyewe, hakikutoka kitu. Nilitamani kulia.

Ndani nikamsikia Time, "Mbona simsikii baba?"

"Yakhe, zima hicho kitu!" akasema ami yake bwana harusi. Nikazima.

Fundi wa Wete ndiye aliyenieleza. Waya ule una nyuzi mbili za sauti, wa pili wabeba sauti ile ile lakini kinyume cha wa kwanza, na kompyuta yangu ikadhani ni sikio la kushoto na la kulia. Kwenye hedifoni kila sikio lilipata lake. Kwenye spika moja sauti mbili zile zilikutana zikauana, ukabaki mngurumo wa umeme, maana huo ulikuwa sawa pande zote. "Ungefuta upande mmoja tu," akanambia, "ungemsikia Mzee."

Nikaufuta. Sauti safi kabisa! Nikampelekea Time kwa mumewe, Kengeja. Akasikiliza mpaka mwisho, machozi yanamtoka.

"Ndo alivyosema baba?"

"Ndivyo, Bi Time."

"Na siku ile watu waliitikia nini?"

Nikambonyezea dua ianze upya. Siku hizi kila ninayemrikodi simwachi atoke chumbani mpaka nimsikilize kwenye spika moja, yeye akiwa amekaa mbele yangu na bado anaweza kusema.