Mji Niliomtumia Mama

Mimi ni dereva wa familia moja huku Al-Naseem, Riyadh. Mama alipoomba picha ya ninapoishi, niliona haya kumwonyesha chumba changu cha getini. Nikachukua picha mtandaoni: mji mdogo wa Marekani, jangwa, mto, hoteli ndefu. Vibao sikusoma. Nikamwandikia, "Ni hapa, Mama."

Jumapili akanipigia simu ya video kutoka kanisani. Alikuwa ameichapisha ile picha ili waumini waniombee. Mchungaji akaisogeza karibu na miwani.

"Hapa pameandikwa kasino. Kijana, siku hizi unacheza kamari?"

Mama akanitazama. Nikaona heri aibu ya mwongo kuliko Mama aamini amempoteza mwanawe kwenye kamari.

"Mama," nikasema, "mji huo sijawahi kuukanyaga."