Siku Wakwe Zangu Walipokalia Klorini

Jamani, nitawaambia, lakini msinicheke mbele ya mke wangu, kwa sababu yeye alishanisamehe na sitaki akumbushwe. Mimi ndiye yule mwanaume wa Rangwe mnayemsikia, ambaye mama mkwe wake alikuja kumtembelea mara ya kwanza akiwa amevaa kitenge kipya cha buluu, buluu ile nzito ya kiheshima, na jioni akarudi kwao... wacha nianzie mwanzo, maana nikianzia hapo mtaniona mbaya bure.

Kwanza mjue kazi yangu. Nyuma ya nyumba nina bwawa la kuogelea. Si la kitajiri, nililichimba na vijana wa hapa, tukapiga simiti na rangi ya samawati, na kila Jumamosi wazazi wananiletea watoto niwafundishe kuogelea, wengine wanatoka mpaka Homa Bay mjini (ndiyo, najua ziwa liko hapo hapo, kila mtu ameshaniambia, majirani waliliita bwawa langu nam matin, yaani ziwa dogo, hata kabla halijaingia maji). Lakini ziwani kuna viboko na matope, na mtoto akizama huoni hata kichwa. Kwangu ukiangusha sindano unaiona pale chini inang'aa. Hiyo ni kazi ya klorini, ile dawa nyeupe ya chengachenga, na sasa mtaona ilivyonifanyia.

Mke wangu Robi ni Mkuria wa huko Isebania, mpakani. Kwao mwanaume anapimwa kwa zizi. Siku nilipoenda kujitambulisha, shangazi yake anayeitwa Gati, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko kilima cha pili, aliuliza mbele ya watu wote, "Huyu kijana anafuga nini?" Mjomba wangu, Mungu amsamehe, akajibu, "Anafuga maji." Shangazi Gati akanitazama kutoka viatu mpaka kichwa, akasema, "Na hayo maji yanazaa?" Tangu siku hiyo nilikuwa natafuta namna ya kuwaonyesha hao watu kwamba binti yao hakupotea.

Basi habari ikaja kwamba mama mkwe anakuja kutuona, mimi na Robi na mtoto wetu Awuor, na kwamba anakuja na shangazi Gati na kina mama wa kikundi chao cha kanisa, wote kwa sare. Nikafurahi, nikaogopa. Mnajua mambo ya mkwe na mama mkwe. Kwetu Wajaluo na kwao Wakuria hapo hatutofautiani sana: humkodolei macho, humpi mkono, humkaribii, kila mtu na kiti chake mbali, na akiwa na neno na wewe analipitisha kwa mtu mwingine hata kama mko chumba kimoja na unamsikia vizuri. Sasa mtu ambaye huruhusiwi kumtazama usoni, fikirini sehemu zingine.

Asubuhi ya siku yenyewe Robi akafungua mlango wa stoo ya bwawa, akasimama hapo na mikono kiunoni. Kwa kweli stoo ilikuwa aibu. Mpira wa kufyonza uchafu ulikuwa umejikunja sakafuni kama chatu aliyeshiba, nyavu za kuokotea majani zimenasa kwenye jaketi za kuelea, maboya yako juu ya brashi, brashi ziko juu ya taulo.

"Baba Awuor," akasema, "mama yangu akiona hii atasema nimeolewa na muuza mitumba. Panga. Na klorini uiweke peke yake, chini, kifuniko kimekazwa, mbali na mito yangu."

Hiyo mito ni ya viti vya sebuleni, myeupe, ameishona mwenyewe, na hakuna mtu wa nyumba hii anayeruhusiwa kuikalia, ni ya wageni peke yao. Ilikuwa humo stoo ndani ya gunia, kwa sababu ikiwa ndani ya nyumba Awuor anaipaka uji.

Nikapanga, na nilipanga vizuri, hata ningekuwa mtu mwingine ningenisifu. Mpira nikauviringisha ukakaa duara, taulo nikazikunja, jaketi nikazitundika. Ikabaki kupigilia msumari mmoja juu kabisa wa kuning'iniza wavu mrefu, na mkono haufiki, na ngazi ameazima jirani. Nikatazama huku na huku nikaona ndoo ya klorini. Nikapanda juu yake. (Mlango wa nyumba ulikuwa karibu na ndani kuna viti, msiniulize kwa nini, nimejiuliza vya kutosha.) Nilipogonga msumari mara ya mwisho, kifuniko kikalia kaa! chini ya mguu wangu. Nikashuka, nikaona ufa. Nikakigonga kwa kiganja kikarudi karibu na mahali pake, nikasema hiyo si kitu. Halafu, ili Robi asione ufa, nikaiinua ndoo nikaificha kwenye rafu ya juu kabisa, na kwa sababu haikutoshea ikiwa wima, nikailaza ubavu. Chini ya rafu hiyo kulikuwa na nini? Gunia la mito, mdomo wazi.

Saa za wageni zilipokaribia Robi akapiga kelele jikoni, "Leta mito!" Nikakimbia. Niliona ina unga mweupe, nikadhani ni vumbi la dari, nikaikung'uta hivi hivi, nikaipanga kwenye viti. Unga mweupe juu ya kitambaa cheupe, nani ataona? Sebule nzima ikanukia bwawa, lakini mimi pua yangu ilishakufa zamani kwa hiyo harufu, na Robi alikuwa anakaanga samaki.

Mvua nayo ikachagua wakati wake. Wageni waliposhuka barabarani, ile mvua ya ghafla inayotoka upande wa ziwa ikawakuta kabla hawajafika langoni. Haikuwalowesha sana, iliwatia unyevu tu, unyevu wa kutosha. Wakaingia, vitenge vya buluu vimewashika mwilini, wakaketi wote kwenye mito, pwaa! Mama mkwe akakaa kona ya mbali akinipa bega, mimi nikakaa karibu na mlango nikitazama sakafu. Heshima ilikuwa inatiririka.

"Nyumba hii inanukia usafi kama hospitali," akasema mama mmoja.

"Mwambieni mkwe," akasema mama mkwe akiongea na ukuta, "nimefurahi kuona mtoto wangu anakaa mahali pasafi."

Moyo ukanijaa, jamani. Tukala samaki, tukala ugali, wakasifu. Mara moja shangazi Gati akajisogeza kwenye kiti akasema, "Viti vya Wajaluo vina joto," na mimi, mjinga, nikasema asante.

Baada ya kula wakasimama kuomba. Shangazi Gati ndiye aliyeongoza, na wakageukia dirisha, yaani migongo kwangu. Kila mtu akafumba macho isipokuwa mimi, si kwa dhambi, nilikuwa namzuia Awuor asivute kitambaa cha meza. Nikainua uso. Nilichoona sitasahau. Kila kitenge, pale kinapokaliwa, kilikuwa kimeliwa rangi kikabaki na doa jeupe. Mwingine lake lilikuwa kama ramani, mwingine kama yai la kukaanga, la shangazi Gati lilikuwa kubwa kama sauti yake. Na mama mkwe... mama mkwe alikuwa na madoa mawili ya duara kama miezi mipevu ya angani, yamepakana, yanang'aa.

Sasa niambieni, ungefanya nini? Ningesema, "Mama, huko nyuma kwako"? Mdomo gani wa mkwe unasema hivyo? Hata kujua tu ilikuwa kosa, maana kujua ni kwamba nilitazama. Kwa hiyo waliposema amina na kuanza kushika mikoba waende kuona bwawa, nikaruka kama mtu aliyechomwa.

"Kaeni! Tafadhali kaeni! Bado chai!"

Wakakaa. Juu ya ile ile mito. Nikapumua kwanza, maana madoa yamefichika, halafu ndipo akili ikanijia kwamba nimewarudisha kwenye dawa. Wakanywa chai. Wakasimama. Madoa yamekua. "Kaeni," nikasema, "nina hotuba." Sijawahi kutoa hotuba maishani mwangu. Nilieleza historia ya Rangwe ambayo siijui, nikawasifu Wakuria kwa ng'ombe na Wajaluo kwa samaki, na kina mama wakawa wanapiga makofi wakijikuna kidogo kidogo. Nikaagiza chai nyingine.

"Mkwe wetu ana ukarimu," akasema shangazi Gati, "lakini mimi hapa chini nawashwa."

Nikakimbilia jikoni nikamnong'oneza Robi. Alichungulia sebuleni, akarudi na uso ambao sikuwahi kuuona, akauma kona ya leso, na mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka.

"Wewe ulifanya nini?"

"Nilipanga stoo."

"Waambie!"

"Mimi? Mama yako? Waambie wewe."

"Mimi nitamwambia nini mama, kwamba mume wangu ndiye ameona?"

Wakati sisi tunasukumana hivyo, kina mama walikuwa wameshatoka wenyewe kwenda kwenye bwawa, ubavu kwa ubavu, macho yote majini, na upande wa pili wa ua wa michongoma anakaa Mama Akoth, mwanamke ambaye ukimwambia siri asubuhi, saa sita imeshafika mpaka Kisegi, mbali huko. Nikawapita mbio, nikafungua stoo, nikatoka na taulo na jaketi za kuelea nimezikumbatia.

"Ni sheria ya bwawa," nikasema nikitweta. "Hakuna kukaribia maji bila jaketi na taulo. Taulo mnafunga kiunoni. Nyuma hasa."

Wakatii! Watu wazima, wamama wa kanisa, kila mmoja na jaketi la rangi ya machungwa na taulo kiunoni, wamejipanga kando ya maji, mama mkwe wangu katikati amebanwa na jaketi la mtoto kwa sababu makubwa yalikwisha. Hapo nilianza kuamini nimeokoka. Lakini mvua ilishapita na jua likatoka lile la kuchoma, na shangazi Gati, ambaye huwezi kumpangia, akasema, "Aa, joto hii nimeshindwa," akafungua taulo, akalitupa, akaugeuzia ua mgongo.

"Yawa!" Sauti ya Mama Akoth ikapaa kutoka michongomani. "Njooni muone! Mgeni amekalia nini?"

Shangazi Gati akajipapasa. Akavuta kitenge kukileta mbele, akatazama. Akamvua mwenzake taulo, akatazama. Taulo zikaanza kuanguka moja moja, na kina mama wakawa wanazungukana kila mtu akitafuta mgongo wa mwenzake. Mwisho mama mkwe akafungua la kwake, taratibu, akajiangalia. Kama ningekuwa sijui kuogelea, ningejirusha humo majini.

"Baba Awuor," akasema. Si kwa ukuta. Kwangu mimi. "Niangalie."

"Mama, siwezi."

"Niangalie. Nyuma umeshaniona, mbele kuna shida gani?"

Nikainua macho. Ndiyo mara ya kwanza niliona kwamba Robi ana macho ya mama yake.

"Ulijua saa ngapi?"

"Wakati wa maombi, mama."

"Na ukanikalisha tena?"

"Ndiyo, mama."

"Mpaka chai ya pili!" akadakia shangazi Gati. "Na hotuba! Mimi nilikuwa naiva huku namsikiliza anasifu ng'ombe!"

Nikaeleza yote, ndoo, msumari, kifuniko, rafu. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, halafu mabega yakaanza kumtikisika ndani ya lile jaketi dogo, na kicheko kikamtoka, kicheko kikubwa cha kuegemea mtu, na wengine wote wakafuata, na Mama Akoth upande wa pili akacheka mpaka akakohoa. Robi akawapeleka kuoga maji mengi ili dawa itoke kwenye ngozi, akawagawia magauni na leso zake zote. Hazikutosha. Shangazi Gati hakuenea kwenye nguo yoyote ya Robi, akarudi Isebania amevaa joho langu la taulo lenye kofia, lile ninalovaa nikitoka majini, na alipofika na watu wakauliza akawaambia kwamba kwa Wajaluo hivyo ndivyo wanavyovisha mgeni wa heshima. Joho hakurudisha.

Baadaye nilikwenda kwao na vitenge vipya kwa kina mama wote, nikaomba radhi vizuri. Mama mkwe alivipokea, lakini siku hizi akitaka kuongea na mimi hapitii kwa mtu tena, anapiga simu moja kwa moja, na neno lake la kwanza ni, "Mkwe, leo umeketi juu ya nini?"

Mimi nimeapa. Klorini inakaa chini, peke yake, kwenye sanduku la kufuli, na kupanda juu ya ndoo yoyote sitaki hata kuota. Lakini funzo kubwa si la ndoo. Ukiona umemharibia mkubwa wako nguo, tafuta mtu anayeruhusiwa kumwambia, amwambie doa likiwa bado dogo. Usimpikie chai ya pili. Na kama lazima upike, basi anywe amesimama.